Jasho la Baba

Bomani, Sumbawanga
4 Machi 1953

Mama Mdogo Zita,

Shikamoo. Nakusihi kwanza, kila neno la barua hii libaki kwako peke yako. Bwana Shauri, mzungu wangu hapa Bomani, akijua naumwa, kazi sina. Hamjambo, wewe na mdogo wangu Bertilla? Mimi si mzima.

Nimeota uvimbe shingoni, kama wa marehemu baba. Hata jasho lake ninalo: nimekaa tu, moyo unaanza kwenda mbio, shati linalowa. Daktari aliniuliza habari za baba, kisha za bibi. Akasema ni ugonjwa wa kurithi. Uvimbe huota kwenye tezi, mmoja shingoni, mwingine juu ya figo, na huo wa pili huweza kusimamisha moyo ghafla. Ndivyo baba alivyokufa. Haikuwa pombe yako ya ulezi.

Aliniambia haya tangu Novemba, nikanyamaza. Sasa nasikia Bertilla ni mjamzito, naye ni damu ya baba. Asijifungue kabla daktari hajampima. Mlete.

Mwanao,
Flavian


Namanyere
19 Machi 1953

Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tunapumua. Siri yako ameisoma katekista Adolfu, maana mimi sijui kusoma, na wewe unajua hivyo. Alisoma kwa sauti, mkewe anapepeta ulezi mlangoni. Adolfu ndiye anayeandika haya pia.

Bertilla anatoka jasho. Tulidhani ni mimba.

Lakini mumewe, Zenon, anasema: "Huyu si ndiye aliyekuandikia mashitaka kwenye baraza la Mwazye, kwamba umemuua baba yake kwa pombe? Barua ile nayo ilikuwa na mwandiko mzuri. Sasa anataka kummaliza na binti." Mimi nilifukuzwa Mwazye nikiwa na jembe moja tu, Bertilla analia nyuma yangu. Nimjibu nini Zenon? Hamtoi mkewe mpaka watu wa Mwazye wasikie ukweli kwa mdomo wako.

Mama yako Mdogo,
Zita (dole gumba)


Hospitali, Sumbawanga
2 Aprili 1953

Mama,

Shikamoo. Bertilla anaendeleaje?

Jumamosi nilisimama kwenye baraza la Mwazye, nikasema mashitaka yale yalikuwa ya uongo, na mwandishi ni mimi. Mzee Modesti, anayelima shamba lako, akauliza, "Sasa tumrudishie na shamba?" Watu wakacheka. Nikasema ndiyo. Hapo jasho likanitoka, nikashika meza nisianguke. Waliomjua baba wakaacha kucheka.

Jumbe ameandika hayo na kutia sahihi. Karatasi iko humu ndani, apewe Zenon. Bwana Shauri amekwisha kusikia. Basi.

Lori la Huseni hutoka Namanyere Jumanne asubuhi. Bertilla akae mbele kwa dereva. Shukeni sokoni, msinitafute Bomani, siko tena huko. Hospitalini ulizeni dresa Ignasi, yule anayefunga vidonda. Niko wodi ya wanaume, kitanda cha kwanza toka mlangoni. Nitapasuliwa tarehe tisa. Mkikuta kitanda kina mtu mwingine, msirudi nyumbani. Daktari amekwisha kuandika jina la Bertilla kitabuni.

Mwanao,
Flavian