Kondoo Aliyezunguka

Wambui mjukuu wangu,

Huku Endarasha tuko wazima, ila baridi imeunguza viazi. Unauliza kama kweli mnyoo unaweza kubadilisha tabia.

Uhuru ukiwa bado mpya, kondoo wetu mmoja mpole alianza kuzunguka upande mmoja kutwa nzima. "Ati amekuwa kichwa ngumu," Baba akasema, akamchapa. Tulipomchinja na kupasua kichwa, tukakuta ubongo umebanwa na kifuko cha maji chenye vijinyoo vyeupe kama chumvi.

Baba akakitazama sana. "Kumbe ni hii kitu ilikuwa inamzungusha!"

Kisha akamtupia mbwa kichwa, kama kawaida yetu. Hatukujua mnyoo huo hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake huanguka malishoni na kinyesi, kondoo wakayala na nyasi.

Mwaka uliofuata wakazunguka wawili. Baba aliwatazama tu, asiguse fimbo.

Shosho wako