Kikombe cha Bati Kisiguswe

Mama,

Nimekwenda kunyolewa. Maharagwe yako jikoni, moto nimeupunguza; ongeza maji. Nguo zianueni mapema, wingu limekaa vibaya.

Sasa la asubuhi. Sikuacha chai kwa sababu ya haraka. Ulinimiminia kwenye kikombe cha wageni, kile cha maua, na changu cha bati ukampa Kitindamimba. Naye akanipigia saluti: "Karibu sana, mgeni!" Ukacheka, Mama. Nilikuona.

Nasafiri kwenda kusoma wiki ijayo, si leo. Huko nitanywea vikombe vya watu mpaka nichoke. Siku hizi zilizobaki nataka changu, kilichobanduka mdomoni, nikae kizingitini nipulize chai yangu taratibu.

*Kikombe changu cha bati, hakina mrithi bado!*

Mizani kumi na sita, Kitindamimba. Hesabu kama unaweza.

~~Nitakivunja kabla sijaondoka.~~ Bati halivunjiki.
~~Nitakwenda nacho.~~

Nikishapanda ndege, kichukue, mdogo wangu. Lakini leo jioni nikikute kwenye msumari wake, kimeoshwa.

Kaka mkubwa,
mwenyeji wa nyumba hii