Tuliojibu Mbele ya Nyapara

Makere, Jumanne usiku

Sielewi kabisa. Yule dada wa utafiti alipotuuliza tutampigia nani kura ya urais, nyapara alikuwa amesimama pale pale. Sisi vibarua wa barabara wote tukamtaja mgombea anayemtaka nyapara. Leo redio imetangaza matokeo ya utafiti ule: hapa Kasulu wagombea wamekaribiana mno, na mpinzani wa mtu wake ametangulia kidogo.

Nyapara akazima redio. "Kumbe mnanichezea, wanangu. Nitawajua."

Naogopa. Akinifukuza, sina hata nauli ya kurudi Singida.

Baadaye Yusto, tunayelala naye chumba kimoja, akaninong'oneza, "Kaka, wewe uliulizwa tena pembeni?"

Nikasema hapana. Lakini nani alimwambia kuna walioulizwa pembeni? Ama ni yeye aliyeulizwa, ama ametumwa na nyapara.