Chapa Iliyotazama Kushoto

Kandara, Jeddah

Mdogo wangu Ussi,

Kabla hujaniuliza hali, nakujibu: mie ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliopanda ndege pale Unguja, na waliokuja kuwasindikiza pia. Nina duka langu la kuchora kwa leza hapa Kandara, lile la kwenye picha niliyowatumia, barabara ya mbele, si uchochoroni. Mashine inavuma, kiyoyozi kinapuliza mpaka navaa koti, wateja wanangoja, na mie nimekaa na chai yangu ya nanaa kama waziri. Mungu akitaka kumpa mja wake hamuulizi aliishia darasa la ngapi.

Haya, nyie je? Bi Mkubwa magoti yake vipi? Ile dawa ya kupaka niliyompelekea anaipaka, au kaiweka kabatini aonyeshe wageni? Na wewe kifua chako, bado unakohoa vumbi la mbao? Funga kitambaa puani, nishakwambia, huo urembo hautakupungua.

Barua hii anakuletea Bi Zuhura, jirani yetu wa nyumba ya nyuma, aliyekuja Umra. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi: mie nasema moja, wewe ushasema saba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. "Kaka, kama wewe uliyekimbia skuli umefungua duka, mie mwenye mkono huu nikija tutaishika Jeddah nzima." Maneno matamu. Halafu ukaniambia unaifunga karakana ya marehemu baba kabla mwezi haujaisha, na patasi zake ushazipatia mnunuzi ili umlipe wakala wa safari. Hapo ndo nikaacha kutafuna. Basi kaa kitako nikwambie kazi unayoililia ni kazi gani.

Kule Riyadh nilikoanzia, mtaa wa Naseem, kafili wangu, yule bwana aliyenidhamini kuingia nchi hii, ana duka dogo la leza. Asubuhi tunachora majina kwenye kalamu na chupa za chai. Jioni ndo wanakuja mabwana wa bunduki. Ni bunduki za kuwindia, zina vibali vyake. Tunafungua skrubu, tunatoa yale mabamba mawili ya chuma ya ubavuni, moja la kulia na moja la kushoto, tunayachora, tunayarudisha. Namba ya bunduki yenyewe haiguswi. Ukiigusa hiyo utakula wali wa serikali mpaka uuchoke. Kuchora kwenyewe unalaza bamba, unafunga kioo, unabonyeza, unangoja. Mie siwezi kukuita huko kunakshi. Huko ni kuoka mkate.

Na hao wawindaji, Ussi! Ungewaona ungeona haya kwa niaba yao. Bunduki haijamtisha hata njiwa. Inatoka kwenye boksi inakuja kwangu, inatoka kwangu inatundikwa ukutani, na mwenyewe akienda jangwani anakaa ndani ya gari anapiga picha. Kila mmoja ananiambia, "Nataka kitu ambacho hana mtu." Namfungulia michoro kwenye kompyuta, imo tele, na wote wanachagua kipanga yule yule aliyekunjua mbawa. Kipanga mwenyewe kafili kamwokota mtandaoni, na ukimtazama vizuri ni kuku aliyekasirika. Nusu ya Riyadh nimeichorea kuku yule.

Kafili ndo usiseme. Mashine haijui inawashwa wapi. Siku niliyolala na homa aliifungua mwenyewe, akaunguza meza. Lakini mteja akiingia tu anakunja mikono ya kanzu, "Yalla, sogea," anasimama mbele ya kioo kama daktari wa kupasua watu. Mteja akishatoka: "Silima, njoo uizime."

Sasa akaja Abu Nayif, mzee mwenye ngamia wengi na subira haba. Hawa watu kila ukoo una chapa yake ya kumchoma ngamia, wenyewe huiita wasim, na wanaitukuza kuliko bendera. Chapa yake ilikuwa fimbo yenye ndoana juu, imeelekea kulia, na nukta chini yake. Akaichora mara moja tu kwenye karatasi ya kufutia mikono. "Pande zote mbili," akasema, "na uizungushie pambo ambalo Riyadh hawajaliona." Kafili akajibu, "Pambo niachie mimi." Mzee kutoka tu, kafili akanigeukia: "Unamjua mtu?" Nikamwambia, mie namjua mtu ambaye nyinyi nyote mkikusanywa hamumfikii kidole gumba. Ndo nikakupigia wewe.

Ukanitumia michoro yako kwa simu. Mnyororo pembeni, mawaridi kwenye kona, chapa katikati. Bamba la kulia ndoana inatazama kulia, bamba la kushoto inatazama kushoto, ili zote mbili zielekee mdomo wa bunduki, zipokeane kama mbao mbili za mlango. Ndivyo baba alivyotufunza: mlango usiopokeana ni mbao mbili zilizogombana. Nikatazama, nikaona sawa kabisa. Mwenye macho gani angeona vyengine?

Nilikwambia bunduki ile walipoiona kwa Abu Nayif zilipigwa kelele. Kelele zilikuwepo, sikukudanganya. Sikukwambia tu zilikuwa za nini.

Ilikuwa karamu, mbuzi mzima juu ya wali, wazee wamejaa kuta zote nne. Mie nimesimama mlangoni na kisanduku changu cha skrubu, kafili kakaa mbele karibu na nyama. Bunduki ikapita mkono kwa mkono, upande wa kulia juu. "Mashallah! Mashallah! Nani kafanya?" Kafili akajitazama vidole. "Kazi ya mkono wangu," akasema, "usingizi sikuujua." Yule anasinzia hata akiendesha gari! Basi mzee mmoja mwenye jicho bovu akaigeuza upande wa kushoto. Akaisogeza kwenye taa. Akaanza kucheka, cheko la kikohozi.

"Abu Nayif, lini umewauzia wale ngamia wako?"

"Wale gani?"

"Wale wa ng'ambo ya kisima."

Ussi, kumbe ndoana ile ikitazama kushoto si yake tena! Ni chapa ya ukoo mwengine, majirani waliogombana na babu yake kwa ajili ya kisima, na mpaka leo hawazikani. Kashika bunduki ubavu mmoja wake, ubavu wa pili wa mahasimu zake, na wageni wanachekea ndani ya sahani. Watu wazima, ndevu nyeupe, wanakaribia kulia kwa sababu ya ndoana.

"Nani kafanya hivi?" Abu Nayif akanguruma.

Na kafili, yule wa mkono wa dhahabu, akanyoosha kidole mlangoni. "Huyo Mwafrika. Mimi hata mashine siijui."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akisema kweli.

Wakanigeukia wote. Abu Nayif kaniuliza nani kachora. Nikasema mie, nakshi nimezaliwa nazo. Jina lako halikutoka kinywani mwangu wala halitatoka. Akaniuliza kwa nini nimeigeuza chapa yake. Nikamwambia, "Baba, kwetu vitu viwili vinavyokaa pamoja hutazama njia moja." Akanitazama, na wallahi nilidhani kafahamu.

"Kwenu," akasema. Akaurudia wali wake.

Kafili ndani ya gari hakutaka hata kunitazama. "Halas. Mafi shughul," yaani kazi imekwisha, hapana kazi tena. Nikamwambia, kaa na kuku wako. Nikapanda basi mpaka Jeddah, kichwa juu.

Na wewe usikae ukajilaumu. Ulichora kama ulivyofunzwa na bwana aliyekuwa fundi. Mwenye chapa, mie ndiye niliyempa chai, mie ndiye ningemuuliza inageuka au haigeuki, na mdomo wangu unavyosema kutwa siku ile ulikaa kimya. Lakini hebu fikiri mwenyewe. Hapa ukitia akili kwenye kazi, akili hiyo hiyo ndo inakuwa kosa lako. Wao wanataka kuku. Mkono ule uliochonga mlango wa msikiti wetu, watu wa mtaa wakaja na watoto wao kuutazama, ukae ubonyeze kitufe? Halafu ikifika saa ya sifa atasifiwa mtu mwenye kanzu safi, ikifika saa ya lawama ndo watakumbuka uko mlangoni. Na huyo wakala wako anayesema Jeddah nafasi zimejaa, muulize yeye mbona hajatoka Darajani.

Najua jibu lako, nakusikia kutoka huku. "Hayo ya Riyadh, kaka, ni ya kafili. Mie nakuja kwenye duka lako." Hapo ndo unaponikaba, maana duka nimelisifu mwenyewe.

Haya, salamu. Bi Mkubwa mbusie mkono, na umwambie dawa haiponyi kabati. Shangazi Mwanaidi, mkaanga mandazi, mwambie ya huku yamejaa upepo mtupu. Mjomba Faki, muadhini wetu, nimesikia adhana za Makka na Jeddah na bado sijamsikia mtu anayekohoa katikati ya adhana kwa ustadi kama wake. Shemeji Tatu, mkeo, msalimie sana. Huyo ndiye mwenye akili nyumbani humo, na najua hizo patasi kazificha chini ya kitanda. Bi Zuhura mpe chai na kitu cha kutafunia, kanibebea barua asiyojua ina nini.

Wako kwa kheri na shari,
kaka yako Silima, tajiri wa Kandara

Ussi, nimeifunga bahasha nikaifungua tena. Usiuze patasi za baba. Duka lile la kwenye picha ni la Myemeni. Nilisimama mlangoni wakati amekwenda kusali, mwenzangu akanipiga picha. Nilitaka Bi Mkubwa alale kwa raha. Kazi yangu ni kupakia masanduku ya watu wa Umra kwenye magari. Nalala Karantina, mtaa wa mabanda, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, kaishika kafili Riyadh, hataki kuitoa, nikiona polisi navuka barabara. Ukija hutapata hata pa kuvulia kandambili. Duka sina. Sijapata kuwa nalo hata siku moja.