Betri Namba Tatu Haikuwa Mahali Pake

Mpendwa Shangazi,

Nisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo nitasimama mbele ya jopo la wahadhiri kutetea utafiti wangu wa uzamivu na sasa sijui nitetee nini. Kwa miaka mitatu nimechunguza namna ya kutunza umeme wa upepo, kwa sababu mtambo wetu ulio juu ya paa huzunguka kwa nguvu mchana, na jioni watu wanapowasha taa upepo umekwisha kulala, kwa hiyo umeme wa mchana lazima uwekwe kwenye betri, na betri ndizo huchoka mapema na kuua miradi ya watu. Niliandika programu ya kompyuta ya kugawa chaji kwa uangalifu kati ya betri ishirini na nne zilizopangwa kwenye rafu nne katika chumba kidogo, na ajabu yake zikakaa imara mwaka wa kwanza, wa pili, hata huu wa tatu, zote zikizeeka sawasawa kama mapacha, hadi profesa wangu akawa anawaambia wageni, "Huyu binti na programu yake ni moto wa kuotea mbali."

Rekodi zote huzisoma mbali, kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo chumbani huingia kwa nadra; wiki iliyopita niliingia kupiga picha za ripoti nikaona betri namba tatu iko rafu ya chini kabisa, na Shangazi, namba hizo nilizibandika mwenyewe, namba tatu niliiweka juu, basi nikamwita fundi umeme wa jengo letu, ambaye ndiye aliyenifundisha hata kukaza nati bila kuiharibu, nikamwuliza nani amegusa, akacheka.

"Ni mimi mwanangu, kwani hukujua? Kule juu joto linazipika. Kila Jumamosi nazima, za juu nazishusha, za chini nazipandisha, kila moja ipate kupumua."

"Tangu lini, Baba?"

Akanionyesha ukuta nyuma ya mlango, mistari ya chaki, mmoja kwa kila Jumamosi, miaka mitatu mizima.

Nilikaa sakafuni. Vipima joto vyangu nilivifunga kwenye rafu, si kwenye betri, kwa hiyo sikuona kitu, na kila Jumamosi rekodi zilikatika nusu saa nami nikaandika "hitilafu ya mtandao" bila kwenda kutazama. Nilipomwambia nitasema ukweli, kicheko kilimwisha. "Usinitaje. Karatasi yako mlangoni inasema mtu asiguse. Nimebakiza mwaka nistaafu, unataka nitolewe kama mwizi?" Ninamshukuru mtu huyu kuliko ninavyoweza kuandika, bila yeye betri zingekufa mapema nami ningefungasha virago, lakini nikisema nitampotezea yeye kazi na kujikosesha shahada, na nikinyamaza nitavishwa sifa yenye jasho la mwingine. Nimefikiria nimnunulie zawadi nzuri, kimya kimya, yaishe. Nifanye nini?

Mtafiti wa betri

*Shangazi anajibu:*

Pole, mwanangu. Pole imekwisha, sasa tusemezane.

Zawadi gani ya kimya kimya? Unataka kumziba mtu mdomo kwa saa ya ukutani halafu uiite shukrani? Nimesoma historia za mashine hadi macho yakaniuma, na karibu zote zina ugonjwa huo huo: mwenye kalamu anaandikwa, mwenye spana anasahauliwa. Ninyi wasomi mnaweza kupima upepo usioonekana, lakini mtu mzima aliyesimama mbele yenu na ovaroli hamumwoni! Mimi nami nisijitoe. Nalijibu hili chini ya taa ambayo sijawahi kumshukuru aliyeivutia waya.

Sasa futa machozi, maana hujaona ulichopewa. Unalia utafiti umekufa. Ulikuwa umeshika kitu kidogo, ukaletewa kikubwa bure. Programu yako inataka kompyuta na mtu aliyekaa darasani miaka ishirini. Kazi ya Fundi inataka mikono miwili na Jumamosi moja. Zahanati yenye mtambo mmoja wa upepo ikijua hilo tu, friji ya chanjo haizimi. Utawanyima kwa sababu unaona haya? Tena hujui bado ni sehemu gani ya mafanikio ni ya programu na ipi ni ya Fundi. Hilo ndilo swali lako la utafiti, nalo ni zuri kuliko la kwanza.

Lakini usikurupuke kuwa shujaa kwa mgongo wa mwenzako. Hofu yake ina msingi. Nenda kwa profesa ukiri kosa ni lako: ulibandika karatasi ukadhani umezungumza na watu, na rekodi zilipokatika ulijitungia sababu. Fundi alitunza mitambo, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Profesa ayaandike hayo kwa mkuu wa jengo, na nakala uishike mkononi kabla jina la Fundi halijatajwa popote. Profesa akigoma kuandika, liambie jopo betri zilihamishwa kila wiki, na aliyehamisha usimtaje. Ukweli huo hauna mjadala.

Kisha omba tarehe isogezwe. Ile mistari ya chaki ipige picha leo hii, kabla mpaka rangi hajapita. Panga betri makundi mawili, moja lihamishwe, jingine lisiguswe, na vipima joto uvifunge kwenye betri zenyewe, binti yangu, si kwenye ubao wa rafu! Utachelewa miezi. Chelewa.

Na Fundi akiridhia, jina lake likae juu ya ripoti pamoja na lako. Nisilikute kule chini kwenye orodha ya shukrani, kati ya mama mkwe na waliokuazima projekta.

Nakugombeza, ila barua yako imenifurahisha. Ungeweza kuirudisha namba tatu juu, ukapiga picha, ukaondoka. Hukufanya hivyo, na kwa hilo nakushukuru.

Ila kabla ya profesa na kabla ya jopo, kamwone Fundi. Usiende na machozi wala na zawadi. Nenda na daftari, umwambie, "Baba, mimi sikuona joto lile. Nieleze wewe uliliona vipi." Kisha nyamaza, uandike.