Kisima cha Ngome ya Krähenstein

3 Septemba

Roswitha mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, ila nyonga. Nina miaka themanini na minne na nimeshawazika wenye ngome wanne: kabaila aliyeipoteza kwenye karata, mwenye kiwanda cha bia, jemadari aliyejaza viazi kanisani, na daktari wa meno aliyepaka mnara rangi ya waridi. Wote nilinywa maji yao wakinitazama. Huyu wa tano, bosi wako aliyeigeuza ngome kuwa hoteli, hanitishi.

Ottmar mwoka mikate amenisomea kijitabu ulichowaandikia wageni. Eti kisima kilichimbwa na kabaila wa kwanza. Kwa mikono ipi? Yule hakujua hata kushika sururu! Walichimba babu zetu, wakafia humo watatu, ndipo kijiji kikapewa haki: kila Siku ya Mtakatifu Mikaeli mmoja wetu anywe maji ya kisima kile. Ukipita mwaka mmoja bila mtu kunywa, haki imekufa. Nilikufundisha haya hujajua hata kufunga viatu. Futa uongo huo. Tarehe 29, siku yenyewe ya Mikaeli, nakuja.

Baba yako

14 Septemba

Baba, shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaipaka?

Niliandika nilivyoambiwa. Bosi anasema haki isiyo na karatasi ni hadithi ya vilabuni. Anataka mwaka huu upite hivi hivi, na siku hiyo lango litafungwa kwa mnyororo. Usije, nakuomba. Mimi nitafukuzwa kazi, na wewe utaanguka kwenye kile kilima.

Binti yako

1 Oktoba

Roswitha,

Nyonga yangu haikuhusu. Nilipanda kilima bila fimbo, Ottmar nyuma yangu akihema kama punda. Ulisimama ndani ya lango umenuna. Nikapiga kelele mpaka wageni wakatoka na mataulo. Nilikutukana, ndiyo, na sifuti hata neno moja. Ndipo ukaenda kuchota, ukapitisha kikombe kwenye nondo: "Haya kunywa, mzee mbishi wewe, uondoke kabla bosi hajarudi!"

Nikanywa. Yana ladha ya chuma, kama siku zote.

Usidhani nimekusamehe. Kijitabu bado kina uongo. Lakini haki ingali hai, na bosi wako akibisha kwamba sikunywa, wa kuulizwa wapo wawili. Wa kwanza Ottmar, japo ana jicho moja. Wa pili ndiye aliyenishikia kikombe.

Baba yako