Sikulikataa Jina la Mama

Kambi ya mkonge, Muheza

Kwa mdogo wangu Zainabu, Likombe, Mtwara

Assalaam aleikum. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila magoti yamegoma na sasa naswali nimekaa. Mgongo wako unaendeleaje? Mikorosho imeweka maua? Mihogo ya kule bondeni nguruwe wamewaachia hata ya kupika? Shemeji yangu kikohozi kimepungua? Nayauliza haya kwa moyo, usidhani ni maneno ya kupitisha. Siku hizi hata hapa kambini watu wana simu za mkononi, ningeweza kuazima ya jirani. Lakini kwenye simu ningelia tu, na wewe usingesikia kitu.

Mwezi uliopita alikuja Mwanahawa, yule jirani yetu aliyehamia Chuno, kumwangalia mwanawe anayekata mkonge hapa. Nikampikia, tukacheka sana. Wakati wa kuaga akasema, "Mama Somoe anakusalimu."

Mwili ukanisisimka. Mama yetu Somoe tumemzika mwaka wa tano huu, yaani mmemzika, mimi sikuwepo. Nikamuuliza Somoe gani. Akanishangaa, akasema ni Zainabu, ndiye aliyerithi jina. Akanieleza kwamba siku ya arobaini ulikalishwa mkekani, mjomba Bakari akakupaka unga kwenye paji la uso, na tangu hapo wewe ndiye mama wa ukoo. Posa zinapitia kwako, wanaogombana wanaletwa kwako. Nikasema mbona mimi mkubwa sikuambiwa. Akainamisha macho.

"Si ulikataa, dada? Barua yako ilisomwa mbele ya watu wote."

Zainabu, barua ile niliiandika kwa mkono wangu, nikaituma kwa ndege, na najua nilichoandika. Niliandika kwamba mvua imekata barabara kule Rufiji, mabasi yamelala njiani, nisubirini, mkeka wa mama nitaukalia mimi. Hamkunijibu, nikadhani mkeka mmeukunja bila kumkalisha mtu. Mjomba macho yake hayaoni tena. Msomaji katika baraza ile, kaniambia Mwanahawa, ulikuwa wewe. Ulimsomea mzee yule maneno yasiyokuwemo, na unga umeshatiwa kwenye bakuli. Umenisaliti. Nimetafuta neno lililo laini zaidi, nimelikosa.

Ningekuwa na miaka thelathini ningepanda basi siku ileile, nifike Likombe nikuumbue mbele ya wakwe zako. Unanijua nilivyokuwa. Sasa nina sitini na miwili, na hata hasira inachelewa kufika. Wiki ya kwanza sikuhisi kitu, nilipalilia mahindi yangu na kulala vizuri tu. Wiki ya pili nikaachia jembe nikalia palepale shambani, mpaka mwenzangu wa shamba la pili akadhani nimeumwa na nyoka. Zamani nilikuwa naamua kwanza, nafikiri baadaye. Sasa nafikiri wee, na sijui kama ni busara au ni kuchoka.

Katika kufikiri huko nikakumbuka jambo ambalo wewe, najua, hujalisahau. Mama mkubwa Salima alipofariki wazee walitaka nirithi jina lake. Nilicheka. Nilimwambia mama kwamba mimi sibebi jina la marehemu, nakwenda Tanga na mume wangu. Mama akainama, akaendelea kumenya mhogo. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake, una kisu chako.

Miaka mingi jambo lile halikuniuma hata kidogo. Lilianza kuniuma mume wangu alipofariki na watoto wakatawanyika, wakati ambao ningeweza kukaa kimya nikamsikiliza mama, na mama yuko mbali. Nikimenya mhogo naiona shingo yake imeinama. Kwa hiyo habari ya msiba iliponifikia nilisema safari hii sikatai. Nililitaka jina lile, Zainabu. Nililitaka mpaka nikaona aibu, mtu mzima mimi.

Labda ulijiambia kwamba unanijua. Labda uliona kwamba wewe ndiye uliyemwogesha na kumnywesha uji, na mimi nilikuwa Muheza. Hayo ni kweli, na ungeniambia hivyo ningekushukuru nikakuachia. Lakini ulinijibia kwa mdomo niliokuwa nao ujanani. Yule dada aliyecheka hayupo tena, wewe ukamfufua aje kunitolea ushahidi.

Mwanangu wa mwisho anataka nimwandikie mjomba mwenyewe, asomewe na mtu mwingine, mambo yaishe. Nimekataa. Nakuandikia wewe, barua hii moja, wala sikubakiza nakala. Waite watu walewale, mjomba akae mbele, uisome yote. Usiruke pale niliposema umenisaliti, wala pale nilipomcheka mama. Kisha waniulize kama nalitaka jina. Huenda nikasema baki nalo, umeshalibeba miaka mitano na watu wamekuzoea. Lakini nikikataa, nikatae mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na wifi yetu Tabu, mke wa marehemu kaka. Yule mjukuu wangu aliyezaliwa Magomeni ya hapo Mtwara mwambie bibi yake bado ana mikono ya kumpakata. Mjomba Bakari mshike mkono kwa niaba yangu, uushike vizuri, uone ulivyokonda.

Ukichelewa kumsomea, mzee yule atatangulia mbele za haki. Huko akikutana na mama, atamwambia kwamba Hadija alikataa jina mara ya pili.

Dada yako,
Hadija